Wakuu, ni sawa kumwekea mama muuza dagaa programu ya majaribio? Nimekwama

#1 Mzee_wa_Fleshi (Mwanga, Kigoma)
Habari za mchana wakuu. Naombeni mawazo mana hili jambo linaninyima usingizi kweli.

Mimi ni fundi simu na kompyuta hapa Mwanga. Kuna kina mama wananunua dagaa mwaloni Kibirizi, nimewawekea aplikesheni ya kuandikia mauzo na madeni, simu 11 zote Android. Aplikesheni ni ya bure, jina siliweki hapa mana wanaoitengeneza wanajitolea na sitaki kuwachafulia. Sasa ile vesheni ya kawaida haikubali nusu, ukiandika ndoo mbili na nusu inakwambia weka namba kamili, na dagaa mnajua hawauzwi hivyo, kuna ndoo, kuna nusu ndoo, kuna kisado. Nikakuta ile ya majaribio inayotoka kila usiku inakubali nusu na unaandika kipimo chako mwenyewe. Nikafurahi nikawawekea wote, na nikaiachia ijiapdeti yenyewe.

Alhamisi iliyopita giza liko zuri, usiku hauna mbalamwezi, boti zimerudi zimejaa, saa 12 kasoro asubuhi napigiwa simu. "Mwanangu ile ya kijani imehama." Nauliza mama imeandika nini? "Haijaandika, imehama." Namwambia nisomee vesheni namba ngapi, akanisomea 87, kumbe ile ni chaji. Nikapanda boda mpaka Kibirizi.

Kufika naona apdeti ya usiku ule imekitoa kitufe cha kuhifadhi chini kulia imekipeleka juu, na pale pale chini kulia wameweka cha kufuta. Mama yeye hakisomi kile kitufe, kidole chake kinajua njia. Simu iko mkono mmoja, mkono mwingine umejaa magamba, boti inapakua, watu wanamwita, akabonyeza pale pa siku zote. Ikamuuliza swali kwa Kiingereza akabonyeza OK kama siku zote. Madeni ya watu wanne yakaondoka.

Nilipokagua simu nyingine nikakuta vesheni nne tofauti ndani ya simu 11, kila mtu na bando lake. Kwa hiyo mmoja akinielezea tatizo, mwenzake aliyekaa naye benchi moja hana.

Kosa liko wapi wakuu? Nimekosea kuwawekea ya majaribio au kuna namna ya kuwahudumia watu hawa nilikuwa siijui?

#2 Nguruka_Express
Nimewahi siti ya mbele. Pole fundi, nasubiri wataalam.

#3 KasuluByte
Mwakeye. Mkuu kosa liko wazi, ni vesheni yenyewe. Toleo la kila usiku maana yake mashine inazoa kila kilichoandikwa na watengenezaji siku hiyo, inakifunga kuwa programu na kukitoa, hakuna binadamu aliyekaa nacho hata saa moja akakijaribu. Hiyo ni ya watengenezaji na watu wanaojua kusoma kumbukumbu za makosa. Hata Firefox, ile programu ya kuperuzi mtandaoni, wana Nightly ya kila usiku, halafu Beta ya majaribio iliyoiva kidogo, halafu ndio ile ya wananchi ambayo siku hizi hutoka kila baada ya wiki nne hivi. Na Nightly inakaa kwenye simu kama aplikesheni nyingine kabisa yenye ikoni yake, haigusi ile ya kawaida. Wewe umechukua chakula kiko jikoni hakijaiva ukakipeleka mezani kwa wageni.

#4 Bint_Ujiji
KasuluByte samahani nakupinga. Kitufe kuhama sio kuharibika. Watengenezaji ukiwauliza watakwambia programu inafanya kazi vizuri, tumebadilisha muonekano tu. Na hiyo hiyo itakuja kwenye vesheni ya kawaida baada ya mwezi, na mama atafuta madeni vile vile, tofauti ni tarehe.

Mimi niko kaunta duka la vifaa vya ujenzi hapa Ujiji na sio fundi wa chochote. Nawaambia tunavyotumia: hatusomi. Nakumbuka pembe ya kioo na rangi. Siku wakihamisha kitu nakuwa mgeni kwenye kazi niliyoifanya miaka mitatu, na mteja yuko mbele yangu ananiangalia. Tena lile swali la "una uhakika" linakuja kwa Kiingereza mara ishirini kwa siku, ukisoma kila moja hufungi hesabu. Kosa ni lugha na kuhamisha vitu bila kuwaambia wenye kuvitumia.

#5 mwl_fizikia (Tabora)
Nimesoma #3 na #4, wote mna kitu ila kuna neno linatuchanganya. Ile vesheni ya kawaida mafundi wanaiita "tulivu" (stable), na watu wanadhani ni ile isiyo na makosa. Hapana. Kwenye Debian kwa mfano, moja ya Linux, ile mifumo ya bure ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, tulivu maana yake haibadilikibadiliki. Ikishatoka wanarekebisha makosa mazito na ya usalama tu, vitu vipya vinasubiri toleo lijalo, kama miaka miwili. Makosa yamo, lakini ni yale yale, unayajua, unayazoea. Isiyo tulivu inaweza ikawa na makosa machache kuliko hiyo lakini leo sio ya jana.

Kwa mama wa Kibirizi hiyo ndio tofauti yote. Kasoro ya kutokubali nusu alikuwa ameshaizoea, alikuwa anaizunguka kwa namna yake.

#6 gungu2
Mwalimu yuko sahihi, ndio mana ile isiyo tulivu ya Debian inaitwa Sid, kifupi cha "still in development", yaani "bado inatengenezwa" kwa Kiingereza.

#7 mwl_fizikia (Tabora)
gungu2 hicho kirefu watu wamekitafuta baadae. Matoleo ya Debian yanaitwa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, na Sid ni yule mtoto wa jirani anayevunjavunja midoli. Jina lenyewe ni onyo.

#8 gungu2
Asante mwalimu, nimejifunza.

#9 mnyamwezi_halisi (Isevya, Tabora)
Kaka Mzee pole sana. Mimi nina stationery hapa Isevya na pembeni natengeneza simu. Mwaka juzi alikuja mzee mmoja mstaafu wa reli, simu yake kijana wa nyumbani aliiingiza kwenye mfumo wa majaribio ili apate muonekano mpya. Chaji inaisha saa sita mchana, simu ikiita kioo kinabaki cheusi, mzee anasikia mlio hapokei. Akasema mwanangu nirudishie ya zamani. Mimi kwa haraka zangu nikasema haina shida mzee, subiri nusu saa.

Nikairudisha. Ilirudi vizuri tu, nyeupe, tupu. Kumbe kutoka kwenye majaribio kurudi chini inafuta kila kitu kilichoko ndani. Ndani kulikuwa na sauti za marehemu mke wake alizokuwa anamtumia WhatsApp kutoka hospitali, na bekapu hakuwa nayo. Mzee hakugomba. Akasema "basi baba", akalipa, mimi nikakataa hela, akaiacha mezani akatoka. Mpaka leo kila simu inayoingia kibandani kwangu kitu cha kwanza ni bekapu hata kama imekuja kubadilishwa kioo tu.

Kwa hiyo kwangu mimi kosa halipo kwenye vesheni wala kwenye kitufe. Kosa ni sisi mafundi kumuingiza mtu mahali ambapo hatujui mlango wa kutokea.

#10 Nguruka_Express
Daah #9 imeniuma.

#11 Mzee_wa_Fleshi
Mnyamwezi asante kwa kusema hilo. Na mimi nimejaribu kurudisha nyuma simu moja, ikakataa, inasema aplikesheni haijawekwa. Nimehofia kuitoa kabisa ile mpya. Nifanyeje?

#12 KasuluByte
Usiitoe! Sikiliza. Android haikubali uweke vesheni yenye namba ndogo juu ya kubwa, lazima utoe iliyopo kwanza, na ukiitoa data zake zinaondoka nayo. Pili, toleo la usiku mara nyingi linasainiwa kwa funguo tofauti na lile la kawaida, na simu ikiona saini mbili tofauti inakataa hata kama namba ni sawa. Tatu na hii ndio wengi hawaijui, vesheni mpya ikifungua daftari la data kwa mara ya kwanza inalipanga upya kwa mtindo wake, ya zamani ikija haiwezi kulisoma tena. Kwa hiyo hata ukinakili faili lenyewe ukalirudisha, wapi.

Njia: ndani ya aplikesheni tafuta pa kutoa data kama jedwali la kawaida, toa kwa simu zote 11, weka kwenye kompyuta yako na kwenye fleshi. Halafu ndio tuongee kurudi.

#13 Kijana_wa_Kaliua
Wakuu mnasahau upande mmoja. Bila watu kutumia za majaribio, hizo tulivu zinatoka wapi? Machi 2024 Andres Freund, injinia wa Microsoft, alikuwa anafanya vipimo vyake kwenye Debian Sid akaona kuingia kwa ssh, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Akafuatilia, akakuta mtu kapandikiza mlango wa siri kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyoko kwenye Linux karibu zote, vesheni 5.6.0 na 5.6.1. Ingefika kwenye matoleo tulivu, seva za dunia nzima zingekuwa wazi. Kwa hiyo Mzee usijilaumu, kina mama zako wanasaidia programu ikue.

#14 Bint_Ujiji
Kaliua kaka yangu, huyo ni injinia. Alijua yuko kwenye majaribio, alichagua mwenyewe na alikuwa na vifaa vya kupimia. Mama amejua lini kwamba yuko kwenye majaribio? Nani alimuuliza? Yeye amejua kapewa kitu cha kuandikia madeni. Deni la ndoo sita sio mchango wa kukuza programu ya mtu.

#15 KasuluByte
Na nimrekebishe kidogo #13, walioletewa ule mlango wa siri ni hao hao wa Sid na wa majaribio ya Fedora, Linux nyingine. Waliokuwa kwenye Debian tulivu haikuwafikia. Ukweli ni kwamba wa mbele walipigwa ndio wa nyuma wakapona.

#16 mwl_fizikia (Tabora)
Na kuripoti nako sio kama watu wanavyodhani. Oktoba 2018 Microsoft walitoa apdeti ya Windows 10 ikawa inafuta mafaili ya baadhi ya watu, wakaisimamisha, wakairudisha Novemba. Kilichonishangaza ni kwamba kati ya waliokuwa kwenye programu yao ya majaribio, wapo waliosharipoti kufutika kwa mafaili kabla haijatoka. Ripoti zao zilipata kura chache zikazama chini ya nyingine. Hao ni watu wanaojua Kiingereza, wanajua pa kuandika, wana intaneti ya uhakika. Sasa "ile ya kijani imehama" itafika wapi?

#17 Kijana_wa_Kaliua
Hapo mwalimu umenibana, ila bado nasema wasipokuwepo kabisa watu kama hao mama, watengenezaji hawatajua kwamba kuna mtu anauza nusu ndoo. Ile nusu imeingizwa mana kuna mtu mahali aliiomba.

#18 Nguruka_Express
Wakati wataalam wanaendelea, Mzee ndoo ya dagaa Kibirizi bei gani wiki hii? Nina safari ya Tabora.

#19 mnyamwezi_halisi (Isevya, Tabora)
Nguruka ukija na dagaa nipitie mimi kwanza, asali ya Sikonge ipo, tubadilishane.

#20 Nguruka_Express
Watu wa asali kwa kupenda dagaa wetu! Haya dumu liwe limejaa mpaka mdomoni.

#21 gungu2
Jamani uzi una mambo mazito turudi. Mimi nauliza, mbona Gmail ilikaa na neno beta kuanzia Aprili 2004 mpaka Julai 2009, miaka mitano, na watu walikuwa wanafanyia kazi zao zote? Neno beta peke yake halisemi kitu.

#22 Bint_Ujiji
Ndio mana nasema tuangalie kinachomfika mtu mkononi.

#23 Binti_wa_Mwalo (Kibirizi)
Shikamooni wakubwa. Nimetumiwa huu uzi WhatsApp nikajua unatuhusu, mama yangu ni mmoja wa hao 11, ila sio yule aliyefutiwa.

Kaka fundi kwanza asante, wewe ukipigiwa unakuja, wengine wakishalipwa hawapokei simu. Niwaambie ya mama. Kurudishiwa ya zamani hataki kabisa, mana ile ilikuwa inamlazimisha aandike nusu ndoo kama ndoo nzima halafu anakumbuka kichwani, mwisho wa wiki anagombana na wateja. Hii ya sasa anaipenda. Anachoogopa ni kuamka asubuhi asijue itakuwaje, anasema ni kama umemuachia mtu funguo za duka na kila usiku anapanga upya shelfu.

Na daftari hajaliacha. Jioni anakaa mlangoni na kandili anayahamisha madeni yote kwenye daftari kwa peni, ya siku nzima, ndio analala. Yule jirani yake aliyefutiwa alikuwa ameacha daftari mana aliambiwa simu inatunza.

#24 Mzee_wa_Fleshi
Mdogo wangu umenigusa. Ni mimi niliyemwambia aache daftari, maneno nakumbuka: "mama hili tupa, hii haipotezi". Nitamwendea mwenyewe.

#25 KasuluByte
Marahaba Binti. Ila kama mtu anaandika mara mbili basi aplikesheni ina kazi gani? Hapo tumemuongezea kazi tu.

#26 mnyamwezi_halisi (Isevya, Tabora)
KasuluByte ina kazi ya kujumlisha. Daftari lina kazi ya kubaki. Mimi sioni ubaya.

#27 KasuluByte
Mimi naona ubaya, atachoka baada ya miezi miwili ataacha kimoja, na hatuchagui sisi ataacha kipi.

#28 Mzee_wa_Fleshi
Nimesoma yote. Nimewaza hivi, mnirekebishe. Nimezima apdeti zinazojiweka zenyewe kwenye simu zote tangu jana. Kazi mwaloni inakwenda na mwezi: giza likiwepo wavuvi wanatoka na taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika kwa siku kadhaa na mama zangu wanakuwa nyumbani. Apdeti niiweke siku za mbalamwezi tu, mara moja kwa mwezi, simu zote kwa mkono wangu vesheni moja, tukae chini ya mti niwaonyeshe kilichohama. Hata kikiharibika nina siku tatu nne za kurekebisha kabla boti hazijarudi kazini.

#29 Bint_Ujiji
Hili wazo nimelipenda sana. Ziwa lenyewe likupangie ratiba.

#30 mwl_fizikia (Tabora)
Zuri ila usiweke simu zote siku moja. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walisukuma apdeti moja mbovu kwa wateja wao wote kwa mpigo, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikazima, viwanja vya ndege vikasimama. Na ile haikuwa majaribio, ilikuwa ya kawaida kabisa. Anza na simu yako, halafu moja ya mama mwenye subira, ikae wiki ndio wengine.

#31 Mzee_wa_Fleshi
Mwalimu wiki ikipita mbalamwezi imeisha.

#32 mwl_fizikia (Tabora)
Basi ya kwako uiweke wakati wa giza, uishi nayo wiki mbili. Wao wapate vesheni uliyoilalia wewe.

#33 Kijana_wa_Kaliua
Na likija tundu la usalama katikati ya giza? Utawaacha wiki mbili wazi?

#34 KasuluByte
Aplikesheni ya madeni inayofanya kazi bila intaneti, tundu la usalama litaingilia wapi? Mwizi atakwapua simu yenyewe.

#35 Kijana_wa_Kaliua
Leo haitumii intaneti. Hiyo ni ya kila usiku kaka, kesho wanaweza wakaiunganisha na mtandao hata hujui.

#36 KasuluByte
Hapo ndio narudi pale pale #3, asiwe nayo kabisa. Asubiri nusu iingie kwenye vesheni ya kawaida.

#37 Binti_wa_Mwalo (Kibirizi)
Asubiri mpaka lini kaka? Mama ananunua leo usiku.

#38 mnyamwezi_halisi (Isevya, Tabora)
Mimi niongeze moja ya kuwasikiliza. Usiwaulize vesheni wala imeandika nini. Wangu nimewazoesha wasibonyeze kitu, waombe simu ya jirani wapige picha kioo wanitumie. Picha zinakuja zimepinda, kidole kimo, jua limewaka, lakini naona rangi na naona kitu kiko wapi. Na namba ya vesheni nimeiandika kwa kalamu ya wino kwenye gundi ya karatasi nyuma ya kava, kila apdeti nabandika mpya.

#39 Mzee_wa_Fleshi
Hiyo ya gundi naichukua leo leo. Asanteni.

Nimepata mrejesho mwingine. Wale watengenezaji niliwaandikia, Kiingereza changu cha kuungaunga, nikaweka picha mbili, kioo cha jana na cha leo, nikaeleza mkono mmoja una samaki. Mmoja kanijibu leo, kasema hawakuwahi kufikiria mtu anatumia kwa kidole gumba bila kuangalia, watalijadili. Hajasema watakirudisha.

#40 Bint_Ujiji
Waulize na lile swali la kufuta liwe kwa Kiswahili. Mimi nitakutafsiria bure, hata usiku.

#41 Mzee_wa_Fleshi
Dada nakuja PM. Wote 11 data zao nimeshazitoa ziko kwenye fleshi. Kesho alfajiri niko Kibirizi na daftari jipya, yule mama anakumbuka wadaiwa watatu, wa nne tunamtafuta kwa jina la boti.

#42 Binti_wa_Mwalo (Kibirizi)
Boti gani kaka? Nimuulize mama, ye anazijua zote.